Gurudumu Linalokwenda na Kurudi

Ukitaka kujua kama barabara ya lami imechoka, usianze na mashimo. Shimo kila mtu analiona, na kila mtu ana la kusema juu yake. Tazama pale magurudumu ya malori yanapopita kila siku. Utaona mistari miwili iliyobonyea, inakwenda sambamba kama reli, na pembeni mwake lami imevimba na kufanya kingo. Wengi huyaita mabonde. Mimi nitaiita mifereji ya magurudumu, kwa sababu mvua ikinyesha ndiyo kazi inayofanya: inakusanya maji na kuyashikilia. Gari dogo likiingia humo kwa kasi, usukani unakuwa mwepesi mkononi mwa dereva. Bodaboda anayetaka kulipisha basi anaupanda ule ukingo kwa pembeni, na tairi la mbele linateleza.

Katika mifereji hiyo mara nyingi hakuna kilichovunjika. Hakuna jiwe lililong'oka, hakuna ufa. Lami yote iliyomwagwa siku ya ujenzi bado ipo palepale barabarani. Imehama tu, kidogo kidogo, kutoka chini ya tairi kwenda pembeni, kama udongo wa mfinyanzi chini ya kidole gumba.

Nafanya kazi katika maabara ya vifaa vya ujenzi wa barabara. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kujibu swali moja kabla barabara haijajengwa: mchanganyiko huu utahama au utatulia? Kwa miaka michache ya mwanzo nililijibu kama nilivyofundishwa, kwa kujaza fomu. Baadaye nikaanza kujiuliza fomu yenyewe ilitoka wapi. Nani aliamua kwamba sampuli ipigwe mara 75 na si 100? Nani alisema maji yawe na nyuzijoto 60? Nilipofuatilia, nilikuta kwamba nyuma ya karibu kila nambari kuna mahali halisi, watu halisi na shida iliyowasumbua wao, si sisi. Haya ndiyo niliyoyakuta.

Tuanze na kitu chenyewe. Tunachokiita kwa mkato lami, ile tabaka nyeusi ya juu, kwa uzito wake takriban asilimia 95 ni mawe: kokoto za ukubwa mbalimbali, mchanga na vumbi la mawe. Lami halisi, ule utomvu mweusi unaobaki mafuta ghafi yanaposafishwa, ni kama asilimia tano tu. Mtu aliyewahi kutengeneza kashata atanielewa haraka. Karanga ndizo zinazobeba meno yako. Sukari kazi yake ni kuzishikamanisha. Sukari ikiwa kidogo, kashata inamung'unyika mkononi. Ikizidi, karanga zinaogelea ndani yake, na ukiiacha kashata juani inalegea na kutambaa. Mchanganyiko wa barabara una tabia hiyo hiyo. Mawe yanatakiwa yagusane na kukazana, lami iyafunike na kuyashika, na kati yao ibaki nafasi ya hewa, kwa kawaida kama asilimia nne, ili jua likiwaka na lami ikatanuka iwe na pa kwenda.

Lami ina tabia nyingine ambayo sukari haina kwa kiasi kile. Inaheshimu kasi. Ukiigonga haraka, inajibu kama kitu kigumu. Ukiiegemea taratibu, inajibu kama uji mzito. Lori linalopita kwa kilomita 80 kwa saa linaigusa lami kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Lori hilohilo likipanda mlima kwa kilomita tano kwa saa linaigusa kwa muda mrefu mara 16 zaidi. Uzito ni uleule, barabara ni ileile, lakini kwa lami hayo ni mambo mawili tofauti. Kumbuka hili, maana ndipo ugomvi wote ulipo.

Watu wa kwanza waliotaka kupima lami hawakuwa na mashine. Katika miji ya Marekani, mwishoni mwa karne ya 19, inasimuliwa kwamba wakaguzi wenye uzoefu walikuwa wakiitafuna. Waliiweka mdomoni, wakaisikia kwa meno, wakasema hii ngumu, hii laini. Ulikuwa ujuzi wa kweli, kama wa mama anayejua moto wa mkaa kwa kuupitishia kiganja, ila haukuweza kuandikwa kwenye mkataba. Mkaguzi akifa, anazikwa na kipimo chake. Mwaka 1888 H. C. Bowen, aliyekuwa katika kampuni ya lami ya Barber, akatengeneza kifaa cha kudondosha sindano ya kushonea ndani ya lami na kupima imezama kiasi gani. Kipimo hicho bado kipo. Pipa la lami likiandikwa 60/70, maana yake sindano yenye uzito wa gramu 100 inazama kati ya milimita 6 na 7 kwa sekunde tano katika nyuzijoto 25. Kila siku barabarani kwetu kuna mtu anasema “sitini sabini” bila kujua kwamba anataja sindano ya kushonea.

Sindano ilipima lami peke yake. Haikusema chochote kuhusu lami ikishachanganywa na mawe. Hilo lilimsubiri mtu wa Mississippi.

Bruce Marshall alikuwa mhandisi wa idara ya barabara ya jimbo la Mississippi. Karibu na mwaka 1939 alibuni utaratibu wa kutengeneza kipande cha duara cha mchanganyiko, upana wake inchi nne na urefu inchi mbili na nusu, kisha kukibana kwa ubavu mpaka kishindwe. Pengine ubunifu huo ungebaki katika jimbo lake. Lakini vita vilikuja, na ndege za vita zikazidi kuwa nzito. Ndege ya B-29 ikiwa imejaa ilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 50, na karibu zote zilikaa juu ya magurudumu machache. Viwanja vilivyojengwa kwa fikra za malori vilianza kubonyea.

Wahandisi wa Jeshi la Marekani walikuwa na kituo cha majaribio mjini Vicksburg, hukohuko Mississippi. Kituo kilianzishwa baada ya mafuriko makubwa ya mto mwaka 1927, kazi yake ikiwa kuelewa maji. Mwaka 1943 kikapewa kazi ya kuelewa lami. Walijenga vipande vya barabara vyenye lami kidogo, ya kati na nyingi, wakapitisha magurudumu mazito juu yake, wakatazama kipi kinabonyea na kipi kinapasuka, kisha wakalinganisha na majibu ya kifaa cha Marshall. Waliupenda utaratibu wake kwa sababu moja ya kawaida sana: vifaa vyake vilikuwa vichache na viliweza kubebwa. Jeshi halihitaji maabara nzuri. Linahitaji maabara inayoingia kwenye lori.

Hivyo ndivyo tulivyopata desturi tunayoifuata hadi leo. Nyundo ya kilo nne na nusu inadondoka kutoka urefu wa sentimita 45 na kitu. Unapiga upande mmoja mara 75 kwa barabara yenye malori mengi, unageuza, unapiga tena mara 75. Unaizamisha sampuli kwenye maji ya nyuzijoto 60 kwa nusu saa na zaidi kidogo. Unaibana kwa mwendo wa inchi mbili kwa dakika na kuandika nambari mbili: imebeba mzigo gani kabla ya kushindwa, na imejikunja kiasi gani. Ukitembelea maabara za barabara Dar es Salaam, Nairobi, Kampala au Kigali, sauti ya kwanza utakayoisikia mara nyingi ni ile ya nyundo. Nimekaa na sauti hiyo kutwa nzima, nikitoka nje masikio bado yanahesabu.

Sehemu ya pili ya historia hii iko Illinois, karibu na mji wa Ottawa. Kati ya Oktoba 1958 na Novemba 1960, serikali za majimbo ya Marekani zilifanya jaribio kubwa lililoitwa AASHO Road Test. Walijenga vitanzi sita vya barabara, wakaleta malori ya mizigo tofauti, na wanajeshi wakawekwa kuyaendesha, mchana na usiku, wakizunguka bila kwenda popote. Ekseli zilipita mara 1,114,000. Kutokana na mizunguko hiyo ndipo kanuni maarufu ya nguvu ya nne ilipopatikana: madhara ya ekseli kwa barabara hukua takriban kwa uzito wake ukizidishwa kwa wenyewe mara nne. Ekseli ya tani 13 haiharibu barabara kwa asilimia 30 zaidi ya ile ya tani 10. Inaiharibu karibu mara tatu.

Kanuni hiyo ndiyo babu wa mizani zote unazoziona kando ya barabara kuu zetu. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 ya kudhibiti uzito wa magari, inayoweka kikomo cha tani 56 kwa gari zima, imesimama juu ya wanajeshi wale wa Illinois waliokuwa wakizunguka kitanzi. Sina ugomvi na hesabu yao. Ninachokiona ni kwamba Illinois kuna theluji, ardhi inaganda na kuyeyuka, na eneo lile ni tambarare. Hakuna lori la Illinois lililowahi kusimama katikati ya mlima saa nane mchana, mwezi Novemba, likisubiri la mbele yake lipozwe injini.

Sisi milima tunayo. Barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia ilifanywa ya lami mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970. Baada ya serikali ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru mwaka 1965, Zambia ilihitaji njia nyingine ya kuingiza mafuta na kutoa shaba yake. Kabla ya lami, madereva waliobeba mapipa ya mafuta waliipa njia ile ya vumbi jina la Kiingereza lenye maana ya mbio za jehanamu. Leo barabara hiyo hubeba shaba ya Zambia na ya Kongo kuja bandarini, na mafuta, mbolea na magari kurudi bara. Pale Kitonga, mkoani Iringa, inapanda ukuta wa mlima kwa kona baada ya kona. Mjomba wangu aliipanda kwa zaidi ya miaka 20. Nilipomweleza kazi yangu kwa mara ya kwanza, nilimwamkia, akaitikia, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo hakuna mwalimu aliwahi kuniuliza:

“Marahaba, mwanangu. Sasa hiyo nyundo yenu, inajua kupanda?”

Haijui. Na hilo lilikuja kuonekana duniani kote.

Kasoro ya nyundo ni kwamba inapiga, wakati tairi linakanda. Mawe hayajipangi chini ya nyundo jinsi yanavyojipanga chini ya tairi. Kisha ile mashine ya kubana inaivunja sampuli mara moja na kwisha, wakati barabara haivunjwi na lori moja. Inahamishwa na malori laki moja, kila moja likichukua sehemu ndogo kuliko unene wa unywele. Na lipo jambo la hatari zaidi. Siku ya ujenzi mashine ya kushindilia haimalizi kazi yote. Malori huendelea kushindilia baada ya barabara kufunguliwa. Zile nafasi za hewa zinapungua mwaka hadi mwaka. Zikishuka chini ya kama asilimia tatu, mambo hubadilika. Lami haina tena pa kwenda, mawe yanaanza kuelea ndani yake, na mchanganyiko uliokuwa imara unaanza kutiririka. Sampuli iliyopigwa mara 75 ilikuwa nzuri kweli. Mlimani, malori polepole na jua vimeipiga mara nyingi zaidi ya hapo.

Ndiyo maana maabara ya utafiti wa usafiri ya Uingereza, TRL, ilipotoa mwaka 2002 mwongozo wake namba 19 kuhusu lami ya moto katika nchi za joto, ilishauri njia nyingine kwa sehemu ngumu kama vile njia za kupandia malori. Badala ya kuhesabu mapigo, sampuli ishindiliwe kwa nyundo ya mtetemo mpaka ikatae, yaani mpaka isiweze kubana zaidi hata ukiendelea. Hapo ndipo uhesabu hewa. Ikiwa imebaki angalau asilimia tatu, mchanganyiko una akiba. Malori yafanye yatakavyo, hayataifikisha kwenye hatari. Naipenda njia hii kwa sababu ya unyenyekevu wake. Haijidai kujua malori yatakuwa mangapi. Inakubali kwamba yatakuwa mengi kuliko ulivyoambiwa.

Wajerumani wa Hamburg walikwenda njia tofauti. Waliamua kuleta tairi ndani ya maabara.

Hamburg ni mji wa bandari, na bandari ni malori mazito yanayokwenda polepole, yanasimama, yanaondoka. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Esso ya huko ilitengeneza mashine kwa kufuata wazo lililokuwa likitumika Uingereza. Kabati la chuma lina beseni la maji ya moto, na ndani yake bamba la mchanganyiko. Juu yake gurudumu, mwanzoni la mpira, baadaye la chuma tupu lenye upana wa milimita 47, linakwenda na kurudi. Mzigo wake ni niutoni 705, karibu kilo 72, uzito wa mtu mzima wa kawaida. Maji mara nyingi ni ya nyuzijoto 50. Linapita mara 52 kwa dakika, na likifika mara 20,000 linasimama. Kutwa nzima ya kazi inaishia hapo, saa sita na nusu hivi. Kipimo kinachorekodiwa ni kimoja, kina cha mfereji.

Mara ya kwanza nilipoiona ikifanya kazi, nilivuta kiti nikakaa. Ukiwa umezoea nyundo, utulivu wake unashangaza. Hakuna kishindo. Kuna maji, kuna mvuke kidogo, kuna chuma kinachokwenda na kurudi, na kwenye skrini kuna mstari unaoshuka. Mwanzoni unashuka haraka, mawe yakijipanga. Halafu unatulia, na unaweza kwenda kunywa chai. Katika mchanganyiko mzuri utarudi na kuukuta pale ulipouacha. Katika mbaya kuna mahali mstari unapinda tena kwenda chini, ghafla, na ukitazama ndani ya maji utayaona yamechafuka. Lami imeanza kuachana na mawe. Maji yameingia kati yao, kama ugomvi unavyoingia kati ya ndugu waliokuwa wamevumiliana. Nyundo haikuwahi kunionyesha kitu kama hicho.

Jiji la Hamburg liliweka kikomo chake: baada ya mapito 20,000 mfereji usizidi milimita nne. Mwaka 1990 kundi la wahandisi wa Marekani lilizuru Ulaya kutazama jinsi wenzao wanavyotengeneza lami. Walikuwa na sababu. Katika miaka ya 1980 barabara zao kuu zilikuwa zikibonyea kwa wingi. Malori yalikuwa yameongezeka, na matairi yalikuwa yakijazwa upepo mkali kuliko zamani. Serikali yao ilikwishaanzisha mwaka 1987 mpango mkubwa wa utafiti, SHRP, wenye dola milioni 150, na milioni 50 kati yake zilitengwa kwa ajili ya lami. Baada ya ziara ile, mashine ya Hamburg ilivuka bahari na kufika Colorado.

Hapa ndipo hadithi inaponigusa zaidi. Colorado walichukua michanganyiko kutoka barabara zao wenyewe, zile zilizojulikana kuwa nzuri na zile zilizoharibika, wakaipitisha chini ya gurudumu. Wakakuta kwamba baadhi ya barabara zilizokuwa zikihudumia watu vizuri kwa miaka zingefeli kwa kipimo cha Hamburg. Wangeweza kusema Wajerumani ndio wanaojua, basi tuzitupe barabara zetu. Wangeweza pia kuirudisha mashine. Hawakufanya lolote kati ya hayo. Waliibakiza mashine na kubadilisha nambari. Kwao ikapendekezwa milimita 10. Texas wakaweka milimita 12.5, na hata idadi ya mapito wakaifanya itegemee aina ya lami: elfu 10, elfu 15 au elfu 20. Mashine ni ileile, gurudumu ni lilelile, lakini kila mahali paliiuliza swali lake.

Hata wao hawakumaliza kujifunza. Katikati ya miaka ya 1990, jangwani Nevada, walijenga uwanja wa majaribio ulioitwa WesTrack. Safari hii hapakuwa na wanajeshi. Malori yalijiendesha yenyewe, yakifuata waya uliofukiwa chini ya barabara, maana hakuna binadamu angevumilia mizunguko ile. Baadhi ya sehemu zilizojengwa kwa kufuata kanuni mpya kabisa zilizotokana na SHRP zilibonyea mapema mno, zikabidi zing'olewe. Kanuni zile zilipanga vizuri kiasi cha mawe, lami na hewa, lakini hazikuwa na jaribio la kuuliza kama mchanganyiko ulioukamilisha utahama. Baada ya hapo majimbo mengi yaliacha kubishana kama gurudumu linahitajika, yakabaki kubishana juu ya nambari.

Sasa turudi nyumbani, maana sikuandika haya ili kusifu Colorado.

Nimeshuhudia mchanganyiko uliopita vipimo vyote vya Marshall kwa alama za juu ukibonyea ndani ya msimu mmoja wa joto. Barabara hiyo siitaji, wala mkandarasi, wala aliyesimamia. Ilikuwa sehemu ya kupanda mlima, malori yenye makontena yakipita usiku na mchana. Kikao kilichofuata kilikuwa kirefu. Mkandarasi aliweka mafaili mezani: kila sampuli ilikuwa imefaulu. Alikuwa na haki. Mkataba ulitaja nyundo, na nyundo ilikuwa imesema ndiyo. Mwakilishi wa mwenye barabara naye alikuwa na haki. Mifereji ilikuwepo, unaweza kuisimamia na maji yakakufika kwenye kifundo cha mguu. Mtu mmoja akasema kosa ni la malori kuzidisha uzito. Mwingine akasema ni jua. Nilikaa mwisho wa meza na daftari langu, nikifikiria kwamba chumba kile kizima kilikuwa kinabishana juu ya uamuzi uliofanywa Vicksburg mwaka 1943 kwa ajili ya ndege.

Gharama za kikao kama kile hazibaki kwenye kikao. Kukwangua sentimita chache za lami iliyohama na kuweka nyingine ni fedha ambayo ingejenga barabara ya kijiji kingine. Na kabla fedha hiyo haijapatikana, kuna masika mazima ambayo mifereji inabaki pale. Kina mama wa kando ya barabara wanauza vitunguu na nyanya wakirukiwa maji na kila gari. Vijana wa bodaboda wanajua mahali pa kuvukia ukingo na mahali pa kutovukia, mpaka siku wanapokuwa na abiria mwenye haraka.

Nilimpelekea mjomba habari za gurudumu. Nilimwonyesha video kwenye simu. Alitazama kimya, likienda na kurudi, kisha akacheka. “Hilo linakwenda kwenye mstari ulionyooka,” alisema. “Halipigi kona. Halishiki breki. Halijabeba shaba ya Kolwezi.” Kilo 72, nikamwambia. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa kwamba jogoo ni aina ya ng'ombe.

Ana haki katika kila neno. Gurudumu la Hamburg ni mfano tu wa lori, na mfano duni. Lakini nimekuja kuelewa kwamba uwezo wa jaribio hautoki katika kufanana kwake na lori. Unatoka katika kumbukumbu iliyowekwa nyuma yake. Milimita nne za Hamburg zina maana kwa sababu watu wa Hamburg waliziangalia barabara zao na kukumbuka zipi zilitulia. Milimita 10 za Colorado zina maana kwa sababu mtu aliandika barabara ipi ilibonyea, lini, ikiwa na mchanganyiko gani. Ukizichukua nambari hizo bila ile kumbukumbu, umechukua ganda la nazi na kuacha nazi.

Mashine za gurudumu zimeanza kuwepo katika ukanda wetu, na nyingine zitakuja. Hofu yangu ni kwamba zitakuja na nambari zake zimekwisha kuandikwa, nasi tutazijaza kwenye fomu kama tulivyozijaza zile 75. Kazi inayotakiwa haina mvuto wa kupigwa picha. Ni kwenda barabarani na rula ndefu iliyonyooka, kuilaza juu ya mfereji, kupima kina chake, kuandika tarehe. Ni kukata kipande cha duara kutoka pale palipobonyea na kingine kutoka pale palipotulia, mita mia mbili mbele, na kuvipitisha vyote chini ya gurudumu lilelile. Ni kujua kwa uhakika mizani ya jirani ilisoma tani ngapi mwaka ule. Kisha kuhifadhi faili hilo mahali ambapo mhandisi wa miaka 20 ijayo atalikuta, hata kama mradi umekwisha na ofisi imehama.

Mwaka jana tulianza na milima mitatu. Siku ya kwanza tulipima saa sita mchana, jua likiwa utosini, lami ikiwa na joto ambalo kipimajoto kilisoma nyuzi 61. Malori yalipita pembeni yetu kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Utingo mmoja alitoa kichwa dirishani akatuuliza tunatafuta nini pale chini. Mwenzangu akamwambia tunapima njia yao. Akasema, “Basi andikeni kwamba ni mbaya,” na lori likaendelea kupanda. Nikaandika: njia ya kushoto, mfereji wa ndani, milimita 23.